Tangi la bayogesi likichacha: wasome vijidudu kabla hujamwaga chokaa

Wafugaji ninaowahudumia Pongwe na Muheza, mkoani Tanga, hunipigia simu wakisema mtambo wao wa bayogesi, ule unaogeuza samadi kuwa gesi ya kupikia, umekufa. Mara nyingi bado uko hai, ila vijidudu vya ndani vimepishana mwendo. Wapo bakteria wanaovunja samadi na kuigeuza tindikali, kisha wapo arkea, vijidudu wa kundi jingine, wanaoitumia tindikali hiyo kutengeneza methani, gesi inayowaka jikoni. (Arkea walihesabiwa kuwa bakteria hadi 1977, wanasayansi Carl Woese na George Fox walipoonyesha kuwa ni kundi la peke yake.) Wa kwanza huongezeka kwa saa, wa pili kwa siku. Ukilisha kupita kiasi, tindikali hujaa na wale wa taratibu hulemewa. Hao ndio tunaowahangaikia hapa.

1. Washa jiko. Moto wa bluu uliotulia maana yake methani ipo ya kutosha. Gesi ikitoka kwa nguvu lakini haishiki moto, kabonidayoksaidi imezidi.

2. Nusa tope la kwenye shimo la kutokea, ukisimama upande upepo unakotoka. Harufu ya siki ni tindikali. Harufu ya mayai viza ni kazi ya bakteria wanaotumia salfeti (aina ya chumvi), jamaa za wale wanaotia uvundo na weusi kwenye tope la mikoko. Salfeti hiyo imo kwenye maji ya bahari, kwa hiyo kama unakorogea samadi maji ya kisima cha chumvi, tafuta maji yasiyo na chumvi. Na tafadhali sana: usiingize kichwa wala usishuke ndani ya tangi. Gesi hiyo ya mayai viza ikiwa nyingi huzima pua, usinuse chochote, na inaua.

3. Pima pH, yaani kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi. Karatasi za kupimia tindikali zinatosha. Chota tope, mwaga la kwanza, pima la pili papo hapo. Likikaa kwenye kopo kabonidayoksaidi huruka na kipimo hupanda, ukadhani mambo ni mazuri. Kati ya 6.8 na 7.4 ni salama. Chini ya 6.5 chukua hatua leo.

Kuwajua vijidudu hao kwa majina ni kazi ya maabara inayosoma jeni ya 16S, ile inayotumika kutambua aina zao. Kwa mtambo wa nyumbani huihitaji.

4. Acha kulisha. Hii ndiyo dawa yenyewe, na ndiyo watu wanayoona ngumu kuliko zote. Hakuna samadi, hakuna maganda, hakuna makombo, mpaka pH ipande.

5. Chokaa ya kupunguza tindikali, ikibidi tu. Koroga kidogo kwenye ndoo ya maji, mimina, pima kesho yake ndipo uamue kuongeza. Ikizidi hunyonya kabonidayoksaidi, presha ikashuka na pH ikaruka ghafla.

6. Tia mbegu ya vijidudu hai. Omba ndoo kadhaa za tope kwenye mtambo wa jirani unaowaka vizuri. Usichukue samadi ya ng'ombe aliye kwenye antibiotiki, na maji ya kuoshea zizi yenye sabuni au dawa ya kupe yasifike tangini.

7. Rudi kulisha kwa robo ya kawaida, samadi na maji kiasi sawa, ukipima kila baada ya siku mbili. Mabaki ya mkonge, kama unayapata kutoka mashambani, yaje mwisho kabisa na yachanganywe na samadi nyingi: maji yake yenyewe ni ya tindikali.