Kabla ya kulipia kozi ya misimbo ya kitabibu

Usianze na ada. Uliza kwanza watafundisha misimbo ipi, yaani alama za herufi na namba zinazowakilisha magonjwa na huduma za matibabu. Huko unakotaka kufanya kazi wanatumia ICD-10 (orodha ya Shirika la Afya Duniani ya misimbo ya magonjwa), au wameshahamia ICD-11 iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022? Marekani wana ICD-10-CM yao, inayohuishwa kila Oktoba, na CPT kwa huduma anazotoa daktari. Vitabu vya miaka mitatu nyuma vitakupotosha. Kisha omba uone zoezi moja. Wakikuonyesha orodha ya kukariri, aga uondoke. Kazi yenyewe ni kusoma maelezo ya daktari na kuamua msimbo, tena na tena. Anatomia nayo usiiruke, hata ikichosha (itachosha). Na kwa soko la Marekani, cheti cha chuo hakichukui nafasi ya mtihani wa AAPC au AHIMA, vyama vya Marekani vinavyowathibitisha wataalamu wa misimbo.