Kabla hujalipa kodi ya nyumba, pita njia saa kumi na mbili jioni
Dalali atakupeleka saa nne asubuhi, njia nyeupe. Wewe rudi siku ya kazi saa kumi na mbili jioni, utembee au uendeshe baiskeli kutoka getini hadi kituoni. Saa hiyo ndipo bodaboda hupanda njia ya waenda kwa miguu na meza za mitumba hutandazwa; hata kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, iliyojengewa njia za miguu na baiskeli pamoja na za mabasi ya mwendokasi. Tazama na mifuniko ya mitaro: pengo lililolala sambamba na gurudumu humeza tairi jembamba. Kiangazi kipimo hiki hudanganya mabondeni, mfano Jangwani; huko tafuta alama za maji ukutani, au subiri masika, Machi hadi Mei.