Mita ya masaa ya jenereta, chukua moto kwa altaneta

Wenye jenereta na pampu za dizeli hapa Mombasa, mita ya masaa, ile inayohesabu injini imefanya kazi masaa mangapi mjue lini kumwaga oili, msiifunge kwa swichi ya ufunguo, waya wa chanya upelekeni kwa D+ ya altaneta, ile nati iliyoandikwa hivyo, hasi kwa bodi ya injini. Pale moto wa kutosha huja tu altaneta ikichaji betri, kwa hivyo ufunguo ukisahauliwa oni usiku kucha mita haihesabu masaa ya bure ukaja kumwaga oili ingali nzuri. Lakini mkanda ukikatika ama altaneta ikifa mita nayo inasimama na injini yanguruma. Zile mita za kuzungushia waya wa plagi wachana nazo, dizeli haina cheche. Na nati ipakeni grisi jamani, chumvi ya pwani hii hula shaba mpaka ikawa kijani.