Maziwa yameanza kumkataa ukubwani: unaweka msimbo gani?

Kwa wale mnaoweka misimbo kwenye mafaili ya wagonjwa wa Marekani, hii ya laktosi (sukari ya maziwa) inachanganya watu sana. Daktari anaandika mgonjwa amepata tatizo la laktosi ukubwani, we unafungua ICD-10-CM, ile orodha ya misimbo ya magonjwa ya Marekani, kundi la E73 la tumbo kukataa laktosi, unatafuta neno hilo la "kupata ukubwani", halipo. Misimbo ni minne tu: E73.0 ya kuzaliwa nayo, E73.1 iliyoletwa na ugonjwa mwingine, E73.8 aina nyingine, na E73.9 isiyofafanuliwa.

Kwa hiyo usikimbilie msimbo, soma noti mpaka chini utafute chanzo. Kama daktari mwenyewe ameunganisha, labda kaandika utumbo uliharibiwa na siliaki (ugonjwa unaochochewa na gluteni ya ngano) au giardia (vimelea vya tumboni) ndo maziwa yakaanza kusumbua, hiyo ni E73.1, na ugonjwa wenyewe nao unauweka kama bado upo, siliaki ni K90.0 na giardia A07.1. Ila giardia ikiwa ilishapona usiiandike kama vile mgonjwa bado anayo.

Sasa kuna ile ya kawaida kabisa, ambayo laktezi, kimeng'enya kinachosaga laktosi, inapungua tu kadiri mtu anavyokua, wengi wetu Waafrika tunaijua vizuri. Madaktari huiita ya msingi, alafu mtu akiona "msingi" anaweka E73.0, jamani hapana! E73.0 ni ya mtoto anayezaliwa bila laktezi, ni nadra mno, na ukimwekea mtu mzima umemwandikia historia ambayo si yake. Aina ikitajwa na haina msimbo wake nenda E73.8, na kama kaandika tu tumbo linakataa laktosi basi ni E73.9.

Kingine, kwa wagonjwa wa nje, daktari akisema "huenda" au "nashuku" huruhusiwi kuweka E73 yoyote, weka dalili, kuhara R19.7, tumbo kujaa gesi R14.0. Kipimo cha kupuliza pumzi kina msimbo wake wa CPT (orodha ya misimbo ya vipimo na huduma), 91065, usiuchanganye na wa ugonjwa.

Na mzio wa maziwa ni kitu kingine kabisa, huo ni wa kinga ya mwili, hauingii E73. Noti zikichanganya hayo mawili mwandikie daktari umuulize, na swali liwe wazi tu, usimtajie jibu unalolitaka we.