Nyama ya ng'ombe katika bia nyeusi, kwa namna ya Flandria

Mtu anayepika nyama kwa bia kwa mara ya kwanza huogopa ulevi, ilhali jambo la kuogopwa ni jingine kabisa, nalo ni uchungu. Bia hutiwa maua makavu ya mmea uitwao hopsi, na uchungu wa maua hayo hauondoki na mvuke kama kilevi kinavyoondoka. Kadiri mchuzi unavyopungua sufuriani ndivyo uchungu uleule unavyobaki katika maji machache zaidi, hata mchuzi ulioonjwa ukaonekana mzuri saa ya kwanza ukaja kumkunja mlaji uso saa ya tatu. Wapishi wa Flandria, upande wa kaskazini wa Ubelgiji, wanalijua jambo hilo vizuri. Chakula chao wanachokiita stoofvlees, ambacho Wabelgiji wasemao Kifaransa hukiita carbonade flamande, ukikichunguza utaona kwamba karibu kila kinachoingia humo baada ya nyama kimewekwa ili kuutuliza uchungu huo: vitunguu vingi, mkate uliopakwa haradali, sukari kidogo ya rangi ya kahawia na tone la siki. Mwongozo huu unafuata njia yao, na pale ambapo bucha na maduka yetu hayana walicho nacho wao, nitataja cha kutumia badala yake.

Kwamba nyama ipikwe kwa bia badala ya mvinyo si jambo la ajabu huko. Burgundy, katika Ufaransa, ni nchi ya mizabibu, na nyama yake ya sherehe huiva katika mvinyo mwekundu. Ubelgiji ni nchi ya bia, na utamaduni wake wa bia uliingizwa na UNESCO mwaka 2016 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mpishi hutumia kilicho karibu na mkono wake.

Kuchagua bia

Hapa ndipo chakula kinapopona au kuharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Rangi nyeusi ya bia si kipimo cha kutosha. Bia mbili zinaweza kuwa na weusi unaofanana kwenye glasi, moja ikiwa na utamu wa kimea kama wa matunda makavu na nyingine ikiwa na ukali wa shayiri iliyokaangwa hadi ikawa kama kahawa. Flandria hutumia zaidi aina ya kwanza: bia za kahawia zenye kimea kingi na hopsi chache, kama vile Westmalle Dubbel, yenye kilevi cha asilimia 7, au Leffe Brune, yenye asilimia 6.5. Wengine hupenda bia za kahawia za Flandria ambazo zina uchachu wa asili, na wapikao kwa bia hizo hawahitaji siki kabisa.

Msomaji aliye Brussels au Antwerp atazipata katika duka lolote la chakula. Aliye Lubumbashi ana bahati ya namna yake, kwa sababu Tembo inayotengenezwa mjini humo ni bia ya kahawia isiyo na uchungu mwingi, na inafaa sana kwa kazi hii. Kwetu Tanzania na Kenya, bia nyeusi iliyo rahisi kupatikana ni stauti, ambayo uchungu wake ni wa namna mbili, wa hopsi na wa shayiri iliyokaangwa. Stauti inafaa, lakini kwa masharti: itumike nusu tu ya kiasi, nusu nyingine iwe supu ya mifupa isiyo na chumvi. Ikipatikana stauti ya maziwa, ambayo hutiwa sukari ya maziwa isiyoliwa na hamira na kwa hiyo hubaki na utamu wake, hiyo ichukuliwe kwanza.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kosa. Nilimimina chupa tatu za stauti kali, nikaacha sufuria wazi ili mchuzi uwe mzito haraka, nikapata kitu kinachofanana na kahawa iliyosahauliwa jikoni. Sukari niliyoongeza kwa hofu haikuuondoa uchungu. Ilikaa kando yake, na mlaji alipata utamu na uchungu kwa zamu.

Nyama na vitu vingine

Kwa watu sita, nunua kilo moja na nusu ya nyama isiyo na mfupa. Usiombe steki. Nyama laini isiyo na mishipa hukauka ikipikwa saa tatu, kwa kuwa haina kitu cha kuyeyuka ndani yake. Omba bega, kidari, muundi au nyama ya shavu, yaani sehemu za mnyama zilizofanya kazi kubwa maishani mwake, zenye tando nyeupe kati ya nyuzi. Tando hizo ndizo zitakazogeuka ute na kuupa mchuzi uzito unaonata midomoni. Anayezikata na kuzitupa anatupa mchuzi wake. Kama bucha lako huuza nyama iliyochinjwa asubuhi ileile, inunue siku moja au mbili kabla ya kuipika na uiweke kwenye friji, kwa sababu misuli ya ng'ombe hukakamaa baada ya kuchinjwa na huhitaji muda wa kulegea tena.

Mbali na nyama, andaa vitunguu maji vikubwa vitano, ambavyo vikimenywa vikaribie gramu 800. Bia mililita 660, au stauti mililita 330 na supu kiasi hichohicho. Siagi gramu 50 na mafuta ya kupikia vijiko viwili vikubwa. Unga wa ngano vijiko viwili vikubwa. Vipande viwili vya mkate, na mkate wa siku iliyopita ni bora kuliko wa leo. Haradali ya kupaka vijiko viwili vikubwa. Majani ya bay mawili na vijiti vichache vya thaimu. Chumvi, pilipili manga, sukari guru na siki. Sukari guru haimo katika mapishi ya Wabelgiji, ambao hutumia sukari yao ya kahawia, lakini ladha yake ya moshi na miwa inakubaliana na kimea vizuri kiasi kwamba siku hizi sitafuti nyingine. Kitunguu saumu sikitii. Nyanya pia sitii, ingawa najua mkono wa mpishi wa kwetu huifuata nyanya wenyewe. Nyanya ikiingia, uchachu wake hutawala, na bia haisikiki tena.

Kupika

Kata nyama vipande vikubwa vya sentimita tano kila upande, kwa kuwa vitanywea, na vipande vidogo vitasambaratika kabla mchuzi haujawa tayari. Vinyunyizie chumvi vijiko vidogo viwili na uviache kwa saa moja angalau, kisha vifute maji kwa kitambaa safi hadi vikauke. Usiruke hatua hii ya kufuta, maana nyama yenye maji juu yake huchemka badala ya kukaangika, na rangi ya kahawia haipatikani kwenye maji.

Tumia sufuria nzito kuliko zote ulizo nazo, yenye mfuniko unaobana. Pasha mafuta hadi yawe moto sana, halafu kaanga nyama kwa mafungu matatu au manne, kila kipande kikiwa na nafasi yake, bila kukigeuzageuza. Kiache dakika tatu au nne hadi kijiachie chenyewe kutoka chini, ndipo ukigeuze. Pande mbili zikipata rangi inatosha. Toa kila fungu uliweke kwenye bakuli. Ukoko unaogandia chini ya sufuria ni mali, usiuoshe, ila ukianza kuwa mweusi punguza moto mara moja, kwa sababu ukoko ulioungua huongeza uchungu, nao uchungu tayari tunao wa kutosha.

Sasa punguza moto, tia siagi, na umimine vitunguu vyote vilivyokatwa vipande vyembamba pamoja na chumvi kidogo. Maji yatakayotoka kwenye vitunguu yataulainisha ukoko, nawe uukwangue kwa mwiko wa mbao. Hapa mpishi mwenye haraka hujidanganya. Vitunguu vinahitaji dakika 35 hadi 40 za moto mdogo, vikikorogwa kila baada ya muda, hadi vipungue kufikia robo ya ujazo wake na viwe na rangi ya asali nzito. Utamu wa chakula hiki hutoka humo kwanza, kabla ya sukari yoyote, na vitunguu vilivyokaangwa kwa dakika kumi havina utamu huo wa kutoa. Vikishaiva, nyunyiza unga juu yake, koroga dakika mbili ili ubichi wa unga uishe, kisha mimina bia polepole kwenye ukingo wa sufuria, maana itaumuka. Iache ichemke wazi dakika tano tu, ongeza supu kama unatumia stauti, rudisha nyama pamoja na maji yake yaliyojikusanya bakulini, na utie majani ya bay, thaimu na pilipili manga. Mchuzi ufike karibu na uso wa nyama bila kuizamisha. Ukipungua, ongeza maji ya moto kidogo.

Paka haradali upande mmoja wa kila kipande cha mkate, ukilaze juu ya nyama upande wa haradali ukitazama chini, na ufunike sufuria. Anayeliona jambo hili mara ya kwanza hudhani ni mzaha. Baada ya saa moja na nusu mkate huwa umelowa na kulegea, ukiukoroga hupotea ndani ya mchuzi na kuufanya mzito, na ukali wa haradali huwa umekwisha, umebaki ule mguso wake mchachu ambao ulimi haujui umetoka wapi.

Moto uwe wa chini sana. Mchuzi utoe viputo viwili vitatu kwa wakati mmoja, usichemke kwa kelele, kwa kuwa mchemko mkali hukamua maji yote ndani ya nyuzi za nyama kabla tando hazijayeyuka. Kwenye jiko la mkaa, toa makaa mengi na uyaache machache yaliyofunikwa na majivu. Kwenye oveni, nyuzi 150 zinatosha. Nyama ya ng'ombe wa Ubelgiji huiva kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Ya ng'ombe wetu, waliotembea kutafuta majani, huweza kufika saa nne, na mpishi wa Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi karibu 94 kwa sababu ya mwinuko, asishangae akizidisha hapo. Kipimo ni uma: ukizama na kutoka bila kuinua kipande, nyama imeiva. Sufuria ya presha huifupisha kazi hii hadi dakika 50 hivi, lakini mkate utiwe mwishoni, baada ya kufungua, ukipikwa wazi dakika 15, kwani ukiwekwa mwanzoni hushika chini na kuungua.

Kuonja mwishoni

Sukari na siki havitiwi mwanzoni, kwa sababu huwezi kuupima uchungu ambao bado unabadilika. Nyama ikishaiva, zima moto, ngoja dakika kumi, kisha onja. Tia kijiko kikubwa kimoja cha sukari guru iliyokwanguliwa, koroga, onja tena. Halafu kijiko kidogo cha siki, na uonje mara ya tatu. Unachotafuta si mchuzi mtamu, bali mchuzi ambao uchungu wake umebaki nyuma ya koo, kama wa chai iliyokolea. Chumvi irekebishwe baada ya hivyo viwili, kwa kuwa mara nyingi kinachoonekana kama upungufu wa chumvi ni upungufu wa siki.

Kuna jambo la adabu ya mezani ambalo halina budi kusemwa. Si kweli kwamba kilevi chote huishia hewani. Kwa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichotiwa kilevi na kutokoswa kwa saa moja hubaki na robo ya kilevi hicho, na baada ya saa mbili na nusu hubaki na asilimia 5. Ni kidogo, lakini si sifuri, na kwa mgeni Mwislamu, kwa aliyeacha pombe, na kwa mama mjamzito, uamuzi ni wao, si wa mpishi. Waambiwe kabla ya kupakuliwa, na wawe wameandaliwa chakula kingine. Kinywaji cha kimea kisicho na kilevi kinaweza kutumika mahali pa bia, robo tatu ya kiasi kikiwa supu na robo kimea, bila sukari yoyote, ingawa chakula hicho kitakuwa cha namna nyingine.

Wabelgiji hula nyama hii kwa chipsi zilizokaangwa mara mbili, kwanza kwenye mafuta ya nyuzi karibu 150 hadi ziive ndani, kisha baada ya kupoa kwenye nyuzi 180 hadi ziwe na ganda, nao humwagia mchuzi juu yake bila kujali kwamba ganda litalowa. Viazi vya kuchemsha vinafaa pia, na bukari ya Lubumbashi, yaani ugali, huubeba mchuzi huu vizuri kuliko wali, ambao huunywa wote na kuiacha nyama kavu.

Kama unaweza kungoja, pika leo ule kesho. Acha sufuria ipoe, iingize kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, na asubuhi utakuta mafuta yameganda juu, rahisi kuenguliwa, na mchuzi chini yake umeshikana kama jeli. Wakati wa kupasha, tumia moto mdogo, na ukiona mchuzi ni mzito mno ongeza vijiko vichache vya maji ya moto. Usiongeze bia iliyobaki chupani, kwa sababu bia hiyo haitapata muda wa kuiva, na itaurudisha mezani uchungu ulioufanyia kazi jana nzima.