Kuchagua msimu wa kuwinda elki Colorado

Anayetaka kuomba kibali cha kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, katika jimbo la Colorado, Marekani, ambako dirisha la maombi hufungwa mapema mwezi wa Aprili, aanze kwa kujiuliza atabeba silaha gani na anaistahimili baridi kwa kiasi gani, kabla hata ya kufungua ramani ya maeneo.

Septemba ni ya upinde na gobore, nao ndio wakati wa kupandana, madume yanapopiga mlio mrefu unaopanda kama filimbi, kiasi kwamba mwindaji anaweza kuyaita yakamfuata. Ila kwa upinde ni lazima kumkaribia mnyama sana, na nyama huharibika upesi siku za joto.

Bunduki za kawaida zina misimu minne, kuanzia katikati ya Oktoba hadi Novemba. Wa kwanza ni mfupi, lakini wanyama hawajatishwa sana, ilhali wa pili hujaza watu msituni, jambo ambalo mimi binafsi silipendi. Misimu ya mwisho humfaa mvumilivu, kwa sababu theluji nzito huwashusha elki kutoka milimani hadi mabonde ya chini, ingawa isipoanguka atatembea sana bila kuona hata kwato.

Jambo moja husahaulika: pointi za kipaumbele, yaani zile unazojikusanyia unapoomba na kukosa, hutumika pale tu unapopata chaguo lako la kwanza, hivyo weka hapo eneo ambalo kibali chake ni kigumu kupatikana, na chaguo la pili liwe msimu usiogombaniwa.