Jinsi ya Kuzunguka Mitaa ya Butiki Jijini Dar es Salaam

Katika Dar es Salaam, butiki si lazima iwe duka la kifahari. Mara nyingi ni fremu moja yenye kioo mbele, midoli miwili mitatu iliyovishwa nguo, feni inayozunguka, na mwenye duka aliyechagua kila gauni kwa jicho lake mwenyewe. Jicho hilo ndilo unalolilipia hasa, kwa kuwa nguo yenyewe huenda imepita Kariakoo, au imetoka katika masoko yaleyale ya Guangzhou na Istanbul ambako wafanyabiashara wa Kariakoo huchukua mzigo wao. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuzunguka mitaa ya butiki bila kupunjwa aanzie Kariakoo, hata kama hana nia ya kununua chochote huko.

Fika kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kabla jua na msongamano havijazidi. Basi la mwendokasi litakushusha Gerezani, na kutoka hapo unaweza kutembea hadi Mtaa wa Msimbazi, kisha uingie Mtaa wa Kongo, ambako nguo hutandazwa chini na kutundikwa hadi juu ya vichwa vya wapita njia. Usijaribu kulimaliza eneo lote. Chagua aina mbili tatu za nguo unazozitaka, uulize bei ya jumla na ya rejareja katika maduka matano au sita, kisha uziandike, maana kufikia adhuhuri hutakumbuka hata moja. Vijana watakaokupokea barabarani na kukuuliza unatafuta nini si wenye maduka. Hao ni mawinga, ambao humpeleka mteja kwa mwenye mzigo na kuongeza chao juu ya bei. Sioni sababu ya kuwaita wezi, na mgeni mwenye haraka anaweza kuokoa saa nzima kwa msaada wao. Ila siku ya kujifunza bei hawafai, kwa kuwa bei watakayokutajia tayari ina chao ndani yake. Kama unatafuta kanga, pita pia Mtaa wa Uhuru uone doti kwa bei ya jumla.

Ukimaliza, rudi Gerezani upande basi la Kimara, ushuke kituo cha Shekilango, kisha uchukue bajaji au utembee kuelekea Sinza. Hapa ndipo penye butiki kwa maana yake halisi. Sinza ilipimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa ajili ya makazi, na baadaye wenye nyumba walio kando ya barabara walibomoa kuta za mbele wakajenga fremu za kupangisha. Ndiyo maana hadi leo nyuma ya duka la viatu vya harusi unaweza kusikia watoto wakicheza uani. Uhai wa Barabara ya Shekilango huanza alasiri na kuendelea hadi usiku, kwa hiyo hakuna haja ya kuwahi. Tembea kwa miguu upande mmoja wa barabara, kisha urudi kwa upande wa pili, kwa sababu anayepita na gari huona vioo tu, ilhali nguo nzuri aghalabu hutundikwa ndani.

Unapoingia, salimia kwanza, ndipo uguse nguo. Baada ya kutajiwa bei, uliza kama ina maongezi. Ukijibiwa kuwa yapo kidogo, linganisha na ulichokiandika Kariakoo, ukiongeza haki ya mwenye duka ya kodi ya fremu na kazi ya kuchagua. Mimi huona nyongeza ya wastani ni halali, lakini bei maradufu kwa nguo ileile sikubali. Usitaje kiasi usichokusudia kulipa, kwani muuzaji akikubali nawe ukaondoka, umemvunjia heshima.

Kabla ya kulipa, toka na nguo hadi mlangoni uiangalie kwa mwanga wa jua. Niliwahi kununua usiku suruali niliyoamini ni nyeusi, na asubuhi nikakuta ni ya buluu iliyokolea, na ukutani nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Vuta zipu mara kadhaa, geuza mshono wa ndani, na ijaribu badala ya kuamini namba ya saizi, ambayo hutofautiana sana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Ukilipa kwa simu kupitia lipa namba, soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri, kisha udai risiti.

Kinondoni ina butiki za namna hiihii, na aliyeizoea Sinza hatahitaji maelekezo mapya. Mwenge nenda kwa ajili ya vinyago, si nguo. Masaki na Oysterbay ni habari nyingine: bei hubandikwa, maongezi ni machache, na wateja wengi ni wageni. Ukikutana na bei iliyotajwa kwa dola, kumbuka kwamba kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza jambo hilo, hivyo omba utajiwe kwa shilingi. Safari ya huko nadhani inafaa zaidi kwa anayetafuta picha za mtindo wa Tingatinga zinazochorwa Oysterbay.

Nguo isiyokukaa sawasawa usiende nayo nyumbani. Muulize mwenye butiki fundi wake yuko wapi, kwa kuwa mara nyingi yuko fremu ya pili au ya tatu, na mwambie akunje pindo bila kukata kitambaa. Vaa viatu utakavyovitumia nayo wakati anapima, na uijaribu tena mbele yake kabla hujamlipa.